Sampuli ya kasa ikigoma Nairobi: dalili, sababu na pa kuanzia

Simu huingia kwenye maabara yetu ya DNA Jumatatu asubuhi, chai ingali moto. Mara ni mwanafunzi wa uzamili aliye chuoni Chiromo, ameshika picha ya jeli, ile ambamo DNA huonekana kama mistari, isiyo na mstari hata mmoja. Mara ni mtu wa doria ya ufukweni, Kipini au Msambweni, anauliza kwa nini kasa wake namba 14 "amekataa kusoma". Maneno hutofautiana, kilio ni kile kile: nimefanya yote niliyoambiwa, mbona hakuna jibu?

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, maana mwenye tatizo hukutana na dalili kabla hajakutana na chanzo. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu ninayoikuta mara nyingi, zile adimu zikafuata, na ukaguzi wa bure uko mbele ya ule unaokula kemikali na pesa. Msimamo wangu nautaja mapema: sampuli nyingi zinazolaumiwa kwa mashine, au kwa "watu wa pwani", ziliharibikia kati ya mchanga na meza yangu, na sisi wa Nairobi ndio tuliochelewa kuuliza njia ilikuwaje.

Pwani ya Kenya ina aina tano za kasa. Kasa wa kijani, ng'amba na kigome hutaga kwenye fukwe zetu. Duvi na noa tunawaona majini tu. Vinavyonifikia ni vipande vya ngozi ya kikono, damu, viinitete vilivyofia ndani ya mayai, vivimbe, na mara moja moja gamba lililokamatwa mikononi mwa mtu. Kazi ni mbili: kusoma DNA ya mitokondria (vinu vidogo vya nishati ndani ya seli), ambayo kasa huirithi kwa mama peke yake, na kutafuta virusi vya vivimbe.

Kabla ya yote, kibali. Kasa wote wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, aliye hai na aliyekufa. Kama huna leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na idhini ya wanyamapori, usikate wala usidunge. Kasa aliyejeruhiwa mwitie KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) au kituo cha uokoaji kilicho karibu. Kupeleka hata tone la damu nje ya nchi kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa kasa wote wa baharini wamo kwenye Kiambatisho cha Kwanza. Tatizo la kibali halina dawa ya maabara.

Dalili: kichupa kimefika kikavu, au lebo imefutika

Hii ndiyo dalili namba moja, na ndiyo iliyonifundisha adabu. Tulikuwa tukipokea vichupa kwa basi la usiku, nusu yake vikiwa vitupu, na kila mara tulirudisha ujumbe ule ule: jazeni vizuri, fungeni vizuri. Siku moja mzee mmoja wa doria akanipigia mwenyewe. "Mwanangu," akasema, "mimi nilijaza hadi shingoni na nikafunga kwa mkono wangu huu." Sauti ilikuwa ya mtu aliyeitwa mwongo mbele za watu.

Hakuwa mwongo. Nunua pakiti ya krispi Mombasa, panda nayo gari, uitazame ukishapita Emali: imefura kama puto. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ina kanieneo pungufu kwa karibu moja ya tano. Hewa iliyofungiwa ndani ya kichupa kule chini hupanda mlima ikisukuma kifuniko kutoka ndani. Kile cha kubonyeza kwa kidole hufunguka kidogo, hakionekani kwa jicho, na ethanoli hutoka. Aliyejaza hadi shingoni naye ana shida yake: ethanoli ikipata joto la buti ya basi hutanuka, na haina pa kwenda isipokuwa nje. Ikitoka hupita juu ya lebo na kubeba wino wote.

Kwa hiyo angalia kwa mpangilio huu. Kwanza kifuniko: ni cha kubonyeza au cha kuzungusha chenye pete ya mpira? Cha kubonyeza ndicho mshukiwa wa kwanza. Pili, kilijazwa kiasi gani? Iachwe nafasi ndogo tu juu, si nusu kichupa, maana hewa nyingi ndani ni msukumo mwingi njiani. Tatu, kalamu. Kalamu ya felti iliyoandikwa "haifutiki" hufutika kwa ethanoli, haijalishi dukani walikuapia nini. Andika kwa penseli kwenye kipande kidogo cha karatasi ngumu, ukitumbukize ndani pamoja na ngozi, kisha rudia namba hiyo hiyo nje.

Kama kichupa kimeshafika kikavu, usikitupe. Kinuse. Ngozi iliyokauka ngumu kama ng'onda na isiyonuka mara nyingi bado ina DNA nzuri, kwa sababu ethanoli iliikausha kabla ya bakteria kuifikia. Kinachotisha ni kichupa chenye majimaji kidogo yanayonuka. Ethanoli huvukiza haraka kuliko maji, hivyo kilichobaki chini ni maji zaidi kuliko dawa, na ngozi imeoza ndani yake. Hapo weka ethanoli mpya ya asilimia 95 ili uzuie uozo zaidi, lakini matumaini yapunguze.

Suluhisho la kudumu ni kutosafirisha ethanoli nyingi. Ngozi ikishalowa siku mbili, mwaga, acha unyevu tu, funga, tuma. Au tumia mchanganyiko wa DMSO, kimiminika cha kuhifadhia tishu, na chumvi iliyokolea, ambao hauhitaji friji na hauwaki ovyo kama ethanoli. Vaa glavu, kwa sababu DMSO hupenya ngozi yako na kuingia na uchafu wowote uliopo juu yake.

Simama hapa: ethanoli ni kitu cha kushika moto. Usiifiche ndani ya mzigo wa nguo ukamkabidhi makanga bila kumwambia. Kama msafirishaji hakubali, kausha sampuli kwanza.

Dalili: DNA haipatikani, au ni kidogo mno

Uliza kwanza rangi ya dawa iliyokuwa kwenye kichupa. Si mzaha. Ethanoli ikiisha ufukweni, mtu hukimbilia duka la dawa na kurudi na spiriti ya kupakia vidonda, yenye rangi, iliyochanganywa vitu ili isinyweke. Vile vitu vya kuzuia walevi huharibu na DNA. Ikiwa huna ethanoli safi, chumvi ya mezani ni bora kuliko spiriti: fukia kipande cha ngozi ndani ya chumvi kavu kama unavyomfanyia papa, kitasubiri.

Sababu inayofuata ni ukubwa wa kipande. Watu hudhani nyama nyingi ni DNA nyingi, wakakata kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Dawa huivisha nje, ndani kunaoza. Ukubwa wa punje ya ndengu unatosha, na dawa iwe mara kumi ya kipande.

Kisha mzoga wenyewe. Kasa aliyetupwa na maji na kupigwa jua siku tatu hana ngozi ya kukupa, ameoza akiwa na umbo lake. Chukua msuli wa ndani kabisa, karibu na mfupa wa kikono, au mfupa wenyewe. Kwa yai ambalo halikuanguliwa, chukua kiinitete kama kimeshajitengeneza. Kiini cha yai kilichochacha hakitoi kitu.

Formalini ni sababu ya nadra kidogo ila ni mbaya kuliko zote. Hufunga DNA na protini pamoja kama saruji. Daktari wa wanyama anaipenda kwa kuangalia tishu kwenye darubini, na ana haki, lakini kipande kilichokaa humo mwezi mzima hakitasomeka kwa njia za kawaida.

Ukaguzi wa maabara: usitegemee namba ya mashine inayopima DNA kwa mwanga peke yake. Pitisha kidogo kwenye jeli. Mstari mmoja mzito juu ni DNA nzima. Ukungu unaoteremka hadi chini ni DNA iliyokatikakatika. Kama ni ukungu, acha kulazimisha praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) za LCM15382 na H950, zinazotafuta kipande cha herufi 800 na zaidi za DNA. Tafuta praima za kipande kifupi, nusu ya hapo au pungufu, uunganishe baadaye. Kama hakuna hata ukungu, rudia uyeyushaji kwa proteinezi K, enzaimu ya kuyeyusha protini, usiku kucha kwa nyuzi 56, si saa mbili. Ngozi ya kasa ni ngumu. Ukiona bado kuna vipande vinaelea, haijaiva.

Simama hapa: kabla hujarudia mara ya tatu, angalia kilichobaki. Ikiwa ni chini ya nusu ya kipande, weka kifuniko na umpigie mwenye sampuli. Kasa aliyekwisha kurudi baharini hatakuja kukupa nyingine.

Dalili: DNA ni nyingi, lakini jeli ya baada ya PCR (kunakili DNA mara nyingi) ni tupu

Angalia kontroli chanya, yaani sampuli tunayojua lazima itoe mstari, kabla ya kitu kingine. Nayo ikiwa tupu, tatizo si la kasa, ni la kwako: enzaimu imekufa, umesahau kitu, au stima ilipotea wikendi na friza ikayeyuka, kisha ikaganda tena kabla hujafika Jumatatu. Kila kitu kinaonekana sawa. Dawa ya hili ni sarafu. Gandisha kikombe cha maji ndani ya friza, weka sarafu juu ya barafu. Ukiikuta imezama, friza iliyeyuka, hata kama jenereta "ilifanya kazi" kwa maelezo ya kila mtu.

Kontroli chanya ikitoa mstari na kasa asitoe, kuna kitu ndani ya sampuli kinazuia. Mshukiwa mkuu ni heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na hapa inafaa nieleze, kwa sababu ni kosa lisilo la mtu. Chembe nyekundu za damu ya kasa zina kiini, ghala la DNA, tofauti na zetu, na EDTA, dawa nyingine ya kazi hiyo inayotumika kwa damu ya binadamu, huzipasua. Ndiyo maana daktari wa kasa huchukua damu kwenye kichupa cha heparini, apate hesabu sahihi ya chembe. Akimaliza, kinachobaki anatuletea sisi kwa moyo mwema. Heparini hiyo hiyo huzuia enzaimu ya PCR.

Jambo la pili linatokana na kiini hicho hicho. Kwa kuwa kila chembe nyekundu imebeba DNA, tone la mikrolita 10 linatosha kabisa. Aliyezoea damu ya watu huweka mikrolita 200, safu ya kuchujia inaziba kwa uji mwekundu, na uchafu wote unashuka pamoja na DNA.

Anza na lililo rahisi: chukua DNA uliyonayo, uichanganye na maji safi moja kwa kumi, na nyingine moja kwa hamsini, uzipitishe zote mbili. Nimeona wanafunzi wakiagiza seti mpya ya kemikali kutoka ng'ambo kwa tatizo lililotibiwa na maji. Ikishindikana, ongeza albumini ya ng'ombe kwenye mchanganyiko wa PCR, au osha upya safu kwa bafa (mchanganyiko wa kuoshea) ya ethanoli na uiache ikauke kwa kuizungusha tupu kwenye sentrifuji, maana masalio ya ethanoli nayo huzuia. Mwisho kabisa ni enzaimu ya heparinezi, ghali, kwa sampuli isiyoweza kurudiwa. Bora kumwomba daktari mapema atie tone moja kwenye kichupa cha ethanoli kabla damu haijaingia kwenye heparini.

Dalili: kontroli hasi, isiyotiwa DNA, nayo ina mstari

Tupa matokeo ya siku hiyo. Najua inauma. Usijaribu kuokoa "zile zilizo wazi kabisa".

Chanzo cha kawaida ni maji au bafa iliyofunguliwa mara nyingi. Fungua mpya, rudia kontroli peke yake bila kasa yeyote. Ukipona, umemaliza. Usipopona, shuku pipeti iliyotumika kupakia jeli kisha ikarudi meza ya kuchanganyia, halafu meza yenyewe. Chumba cha kuchanganya na chumba cha jeli viwe mbalimbali, na mtu asirudi kutoka cha pili kwenda cha kwanza na koti lile lile.

Kuna la Nairobi ambalo vitabu havisemi kwa sababu viliandikiwa walio karibu na bahari. Mashine ya kutakasa kwa mvuke yenye kipimo cha shinikizo cha kawaida, ukiiweka pauni 15 kama kitabu kinavyosema, huku kwetu haifiki nyuzi 121. Inaishia 118 hivi, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Ipandishe hadi pauni 18 kama imeruhusiwa na mtengenezaji wake, au fuata kipimajoto badala ya shinikizo. Maji nayo huchemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa hiyo "chemsha dakika tano" ya Mombasa si ya Kabete. Hata hivyo mvuke huua vijidudu kuliko unavyofuta DNA. Kwa DNA, futa meza kwa jiki mpya iliyochanganywa moja kwa kumi, kisha maji.

Simama hapa, na hili lisomwe mara mbili: jiki isikutane na bafa za seti ya kutolea DNA zenye guanidini, wala na taka zake. Hutoa gesi ya sumu. Nilishaona mtu akimwaga jiki kwenye ndoo ya taka za maabara "ili kusafisha". Ikitokea, toka nje, wafukuze wote chumbani, mwite afisa wa usalama. Usirudi kuokoa vichupa.

Dalili: mfuatano wa herufi za DNA una vilele viwili viwili badala ya kimoja kimoja, au DNA inasema ng'amba na fomu inasema kasa wa kijani

Nimeziweka pamoja kwa kuwa sababu ya kwanza ni moja: wembe. Kasa wawili, wembe mmoja, au koleo lililofutwa kwa shati. DNA ya kasa wa kwanza inasafiri hadi kwa wa pili. Wembe mpya kwa kila kasa. Koleo liguse jiki, maji, kisha ethanoli.

Sababu ya pili ni lebo zilizobadilishana. Kwa jina lisilolingana, omba picha. Ng'amba ana jozi mbili za magamba kati ya macho na mdomo uliochongoka kama wa kasuku. Kasa wa kijani ana jozi moja. Kigome mchanga humchanganya mtu na duvi kwa urahisi, na usiku, kwa tochi, mtu mwenye usingizi humchanganya yeyote na yeyote.

Tatu, nakala za DNA ya mitokondria zilizohamia kwenye kiini zamani za kale. Damu ya kasa ikiwa na viini vingi hivyo, praima zinaweza kushika nakala hizo. Jaribu ngozi badala ya damu, au praima nyingine za eneo lile lile.

Chotara ni sababu ya mwisho, na ndiyo ambayo kila mtu hupenda iwe ya kwanza. Wapo, Bahia, kule Brazil, machotara wa duvi na ng'amba wameandikwa vizuri. Kumbuka tu kwamba DNA ya mitokondria itakuonyesha upande wa mama na kunyamaza kuhusu baba. Mpaka usome jeni za kiini, usimwite kasa yeyote chotara.

Dalili: majibu ya virusi hayaendani na mnyama

Ugonjwa wa vivimbe wa kasa, fibropapilomatosisi, ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1938, kwa kasa wa kijani aliyekuwa kwenye akwariamu ya New York. Vivimbe hutokea shingoni, kwapani, kwenye vikono na machoni, mara nyingi kwa kasa wa kijani wachanga wanaolisha maji ya kina kifupi karibu na pwani. Virusi vinavyohusishwa nao ni ChHV5, wa ukoo wa hepesi.

Lalamiko la kwanza: mnyama ni mzima, kipimo ni chanya. Kama umeshaiangalia kontroli hasi na ni safi, basi pengine hakuna kosa lolote. Hepesi hujificha. Anayetokwa na malengelenge mdomoni mara mbili kwa mwaka anabeba virusi siku zote 365. Kasa ni vivyo hivyo. Chanya maana yake virusi vimepita hapo, haina maana ya mgonjwa. Pima wingi wake, usiishie kwenye ndiyo au hapana: uvimbe huwa na virusi vingi mno kuliko ngozi safi. Pia tazama kama kulikuwa na ruba pale ulipokata. Ruba wa baharini wa jenasi Ozobranchus wamekutwa wamebeba DNA ya virusi hivi, wengine kwa wingi, na huenda ndio wanaovisambaza. Mtoe ruba kwanza, mweke kichupa chake.

Lalamiko la pili ni gumu zaidi: vivimbe viko wazi, kipimo ni hasi. Pitia dalili zilizotangulia kwanza. Je, kipande kilikaa kwenye formalini? Kuna heparini? Weka kila mara kipimo cha jeni moja ya kasa mwenyewe kando ya kile cha virusi. Cha kasa kikifeli, hasi yako haina maana. Halafu uliza kilikatwa wapi. Sehemu ya juu iliyochubuka na kuoza ni tishu mfu. Chukua mahali uvimbe unapokutana na ngozi hai. Jaribu pia praima za jeni nyingine ya virusi, kwa sababu aina za virusi hutofautiana bahari kwa bahari na zilizotengenezwa kwa aina ya mbali huweza kukosa kushika za kwetu.

Na huenda si ugonjwa huo. Jipu, kovu la ndoano, kundi la chaza waliojikita kwenye ngozi, vyote nimeletewa kwa jina la uvimbe. Mwenye neno la mwisho ni mtaalamu wa magonjwa akiwa na darubini. Ndiyo maana kila uvimbe ugawanywe mara mbili papo hapo: nusu formalini ya asilimia 10 kwa ajili yake, nusu ethanoli kwa ajili yangu. Vifuniko viwe na rangi tofauti.

Simama hapa: usikate uvimbe wa jicho, wa mdomoni, wala wenye shina nene. Huvuja damu nyingi, na kasa mwenye vya nje huweza kuwa na vingine kwenye mapafu au figo, ambako kisu hakitamsaidia. Hiyo ni kazi ya daktari wa wanyama. Kule Watamu, pwani, wapo wanaowatibu kasa kila siku. Mnyama mwenye vivimbe awe na tangi lake, ndoo yake na taulo yake. Nawe vaa glavu: kasa, kama watambaazi wengine, hubeba salmonela.

Dalili: "mbona hamjaniambia ni dume au jike?"

Si hitilafu. Kasa wa baharini hawana kromosomu za jinsia, kwa hiyo hakuna jeni ya kutafuta. Mchanga ndio unaoamua: karibu nyuzi 29 hutoka mchanganyiko, joto likizidi hutoka majike, likipungua madume. Weka kipimajoto kwenye kiota, kisome theluthi ya katikati ya siku za kuatamia. Kwa mkubwa tazama mkia. Wa dume ni mrefu na hupita ukingo wa gamba. Kwa kifaranga aliyekufa, tezi zake za uzazi zikaangaliwe kwenye darubini.

Dalili: mfuatano ni safi, lakini "anatoka wapi?" halina jibu

Angalia kwanza kama umekata ncha zilizo chafu na kulinganisha urefu sawa. Herufi tano zilizosomwa vibaya mwishoni huzaa "haplotaipu mpya", yaani aina mpya ya mfuatano, ambayo haipo duniani. Soma pande zote mbili. Herufi ikibaki na utata, rudia PCR kutoka mwanzo.

Ikiwa ni safi kweli, tatizo liko kwenye swali. Jike hurudi kutaga ukanda aliozaliwa, ndiyo maana DNA ya mama hutofautiana ukanda kwa ukanda. Lakini kasa mchanga anayekula nyasi za bahari Lamu au Watamu si lazima awe mzaliwa wa hapo, na haplotaipu moja huweza kumilikiwa na fukwe nyingi zilizo mbalimbali. Haplotaipu CM8, iliyozoeleka Atlantiki, ilikutwa pia Europa na Juan de Nova, visiwa vya mlango wa Msumbiji. Kasa wenyewe walipita rasi ya kusini mwa Afrika bila kumwomba mtu pasipoti. Kasa mmoja hawezi kujibu swali hilo. Kundi la makumi huweza kukadiriwa asilimia ngapi wametoka wapi, mradi fukwe za kutagia nazo zimepimwa. Andikia hivyo ripoti yako, usichore mshale ramani nzima kwa ajili ya namba 14.

Dalili: mfuko umefungwa kwa lakiri

Gamba la ng'amba lililokamatwa, nyama, mafuta kwenye chupa ya soda. Wakati mwingine hupita mkono kwa mkono hadi kwenye meza ya mwanafunzi kwa kuwa "maabara ni maabara". Usifungue. Ukivunja lakiri, wakili wa mshtakiwa hatauliza DNA ilisema nini, atauliza nani alifungua. Andika saa, jina la aliyeleta, funga kwenye kabati lenye kufuli na uwapigie KWS. Wana maabara yao ya uchunguzi Lang'ata.

Kama ni nyama, uliza kama kuna aliyekula. Sumu ya nyama ya kasa haitoki kwa kupika. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila. Mtu akianza kutapika, koo likimwasha au usingizi ukimlemea baada ya kula, hospitali ni sasa hivi, na waliokula naye waende pamoja hata kama hawajisikii vibaya. Mtoto anyonyaye ambaye mama yake alikula apelekwe pia. Mfuko utasubiri kabatini.